Torrontés ya ushirika: mvinyo unaonukia asumini, chini ya pauni kumi

Mke wangu ndiye aliyeitambua harufu. Nilikuwa nimemimina kidogo tu, vidole viwili hivi, nikampa glasi anuse kabla hajaonja. Akafumba macho. "Asumini," akasema. Akanusa tena. "Asumini na waridi. Kama kikuba."

Yeye ni Mbondei wa Muheza, lakini amelelewa na shangazi yake Tanga mjini, jirani na akina mama waliokuwa wakitunga vikuba kila palipokuwa na harusi mtaani. Maua hayo anayajua kwa pua. Mimi ni mtoto wa mgombani, Kibosho, na kwetu ua linalonukia kuliko yote ni la kahawa. Mvua za kwanza zikishanyesha, mibuni inachanua nyeupe kwa siku chache, shamba zima linanukia, kisha basi, imekwisha mpaka mwaka mwingine. Nilipoichukua tena ile glasi nikiwa nimeshaambiwa "asumini", nikaliona shamba la baba asubuhi. Maua ya kahawa na asumini yana harufu za karibu sana, ila nilikuwa sijawahi kuziweka pamoja kichwani mpaka siku hiyo, jikoni kwetu Rochdale, Uingereza, mvua ikipiga dirishani.

Mvinyo wenyewe unaitwa Torrontés, na hilo ndilo jina la zabibu yake. Unatoka Argentina. Ninaununua kwenye duka la Co-op, yaani maduka ya ushirika ya hapa Uingereza, chupa ya kawaida ya mililita 750, yenye nembo ya Fairtrade, biashara ya haki kwa wakulima. Umetengenezwa na ushirika wa wakulima unaoitwa La Riojana. Huu ni mwaka wa tatu naununua na haujawahi kunigharimu zaidi ya pauni 10. Ukikuta umepunguzwa bei, unashuka zaidi. Kwa wasiokaa Uingereza niseme hivi: hapa kodi ya pombe peke yake inakula zaidi ya pauni 2 katika kila chupa ya mvinyo wa nguvu hii, halafu VAT inapanda juu yake. Ukitoa na chupa, usafiri na faida ya duka, kinachobaki kwa ajili ya mvinyo wenyewe ni kidogo sana. Ndiyo maana mvinyo mweupe wa bei ya chini hapa mara nyingi hauna harufu yoyote: ni maji ya ndimu yenye kilevi. Huu una harufu ya kujaza chumba.

Sasa jambo la kwanza ambalo lazima ulijue kabla hujafungua. Pua itakuambia kitu kimoja na ulimi utakuambia kingine.

Watu wengi wa kwetu wakisikia mvinyo unanukia maua wanategemea utamu, na si kosa lao, kwa sababu mvinyo mweupe uliozoeleka kwenye sherehe zetu ni ule wa sukari. Nilimkaribisha Mtanzania mwenzangu tunayefanya naye kazi wodini, akanusa, akatabasamu, akapiga funda kubwa, uso ukabadilika. "Mbona hauna sukari?" Hauna. Ni mvinyo mkavu: sukari ya zabibu karibu yote imeshageuka kuwa pombe, kiasi cha asilimia 13. Kinywani unaanza na pichi bivu na ganda la chungwa, katikati kuna ukali wa ndimu, na mwishoni kabisa kuna uchungu kidogo, kama ule unaobaki mdomoni ukitafuna kokwa la balungi. Uchungu huo umo katika asili ya zabibu hii, katika ngozi yake. Watengenezaji wazembe huuacha ukazidi mpaka unakwaruza koo. Katika chupa hii umebaki pale unapofaa, unasafisha kinywa na kukufanya utake funda jingine. Rafiki yangu alipoambiwa asubiri, asinywe kama soda, alimaliza glasi yake na akaomba ya pili.

Nimesoma kwa nini inanukia hivyo. Torrontés ni mtoto wa zabibu mbili. Mmoja wa wazazi ni Muscat ya Alexandria, zabibu ya kale ya Mediterania, ileile ambayo Afrika Kusini wanaiita Hanepoot. Mwingine ni zabibu ya kawaida tu ambayo Wahispania walivuka nayo bahari kwenda Amerika enzi za ukoloni. Zilikutana hukohuko Argentina, zikazaa. Kwa hiyo ingawa Hispania nako kuna zabibu iitwayo Torrontés, hazina undugu. Argentina yenyewe inazo aina tatu, na inayonukia kuliko zote ni Torrontés Riojano, ambayo jina lake linatokana na mkoa wa La Rioja. Harufu imerithiwa kwa Muscat: ni mafuta ya namna ileile yaliyomo ndani ya waridi, na moja kati yake, linalooli, ndilo linalozipa mbegu za giligilani harufu yake. Nilipolisoma hilo nilikwenda kabatini, nikasaga mbegu chache za giligilani kwenye kiganja, nikanusa mkono, kisha glasi. Jaribu. Utaamini.

Nianze na kuunywa peke yake, bila chakula, kwa sababu ndivyo nilivyouzoea.

Ijumaa nikitoka zamu ya mchana nafika nyumbani saa mbili usiku. Chupa iko kwenye friji tangu asubuhi. Naitoa, naiacha juu ya meza dakika kumi hivi huku navua viatu na kunawa. Dakika hizo kumi zina kazi yake: ukiumimina ukiwa wa baridi kali, harufu inalala, utasikia ndimu na pombe tu. Ukiuacha upate joto la chumba, asumini inageuka kuwa sabuni ya kuogea na pombe inapanda puani. Kati ya hapo kuna nafasi ndogo ambayo mvinyo unasema kila kitu, chupa ikiwa inatoka jasho lakini ukiishika mkono hauumi. Rangi ni ya njano hafifu sana yenye kivuli cha kijani, kama maji ya dafu yaliyochovywa jani la ndimu. Namimina robo ya glasi, sizidishi, ili nafasi ya juu ibaki kwa ajili ya harufu. Kwanza linakuja waridi. Ukizungusha glasi inakuja pichi, halafu kitu kama maganda ya chungwa yaliyokaushwa. Asumini huwa inachelewa. Inatokea pale glasi ikishakaa mkononi dakika mbili tatu, na ikishatokea haiondoki.

Glasi moja hivyo, kabla ya kula, ni starehe kamili. Ya pili pia. Ya tatu, bila kitu tumboni, kwangu inachosha. Ni kama kukaa kwenye chumba kilichofukizwa udi kupita kiasi. Unaanza kutafuta dirisha. Hapo ndipo chakula kinapotakiwa.

Na hapa ndipo mvinyo huu umenishangaza zaidi. Nilidhani utakuwa mgumu mezani, kwamba manukato yake yatapigana na kila kitu. Mke wangu akapika samaki wa nazi. Alitumia hadoki, maana changu wa huku ni bei ya dhahabu. Akamkaanga kidogo, akaweka kando. Akatengeneza tui zito kwa kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari ya manjano na nyanya moja tu, akamrudisha samaki kwenye mchuzi, mwishoni akakamua ndimu na kutupia majani ya giligilani. Wali mweupe pembeni. Nikala tonge mbili, nikanywa.

Ule uchungu wa mwisho haukuwepo. Mafuta ya nazi yaliuchukua wote. Kilichobaki ni pichi na ndimu, na giligilani iliyokuwa kwenye mchuzi ikaikuta ndugu yake kwenye glasi, mpaka nikashindwa kujua harufu inatoka kwenye sahani au kwenye mvinyo. Halafu ukali wa ndimu ulio ndani ya mvinyo ukakata uzito wa tui, kama vile kachumbari inavyofanya, na tonge lililofuata likawa kama la kwanza. Mke wangu, ambaye kwa kawaida hunywa glasi moja na kuacha nusu, alimaliza yake, akaniambia, "Wewe Mchaga, hii si mbege, usiigugumie. Niachie na mimi." Tangu siku hiyo samaki wa nazi na Torrontés ni kitu kimoja nyumbani kwetu.

Mlo wa pili unaokwenda nao ni sambusa. Hili nililifikia kwa kufuata Waargentina wenyewe. Huko kaskazini-magharibi yao, inakostawi Torrontés, wanakula empanada: unga uliokunjwa kwa nusu duara, ndani yake nyama iliyokatwa kwa kisu vipande vidogo, viazi, vitunguu vya majani na bizari nyembamba. Nilipoyaona mapishi yake nilisema hiyo si ngeni. Nikatengeneza sambusa za nyama kama tulivyozoea, nikazidisha bizari nyembamba, nikaweka vipande vya ndimu mezani. Mvinyo na bizari nyembamba wanapendana kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Bizari inaleta udongo, mvinyo unaleta maua, na mafuta ya kukaangia yanakatwa palepale. Nimewahi kuona nyumba imejaa wageni tisa, sambusa arobaini na chupa tatu vikiisha kabla wali haujaiva. Kama unataka kumfundisha mtu kupenda mvinyo huu na amezoea wa sukari, usimpe glasi tupu. Mpe sambusa kwanza.

Haupatani na kila kitu. Ndizi nyama ya ng'ombe, chakula nilichokulia, inauzima kabisa. Nyama inabaki hapa na mvinyo kule, haviongei. Mtori nao ni mzito mno. Pilipili kali ndiyo adui yake mkubwa. Mtaani kwetu kuna chakula cha Kipakistani kizuri sana, na niliwahi kuleta karahi ya kuku iliyokolea pilipili nikidhani tangawizi yake itasaidia. Pombe iliwasha pilipili kama petroli kwenye mkaa, na uchungu wa mvinyo ukajitokeza mara mbili. Tukahamia maji. Pilipili ya kiasi, hasa ikiwa ndani ya tui au maziwa ya mgando, haina shida. Ikishafika mahali pa kutoa jasho, fungua kitu chenye sukari. Ila kuku wa kuchoma aliyelazwa kwenye ndimu na tangawizi, kamba wa kukaanga kwa kitunguu saumu, hata jibini laini la mbuzi juu ya mkate, vyote hivyo endelea.

Nina malalamiko moja, na si juu ya chupa hii. Mwaka juzi nilikosa Torrontés yangu ya kawaida, nikanunua nyingine, ya kampuni tofauti, kwenye duka dogo la pembeni ambalo sitalitaja. Ilikuwa imepangwa dirishani, inapigwa jua. Sikutazama mwaka. Nilipofika nyumbani nikakuta zabibu zake zilivunwa miaka mitano nyuma. Rangi ilikuwa ya chai hafifu, harufu ya maua imekufa, imebaki harufu ya kabichi iliyochemshwa. Torrontés si mvinyo wa kuweka. Haiongezeki uzuri kwa kuzeeka, inapungua tu. Tafuta mwaka kwenye lebo na uchukue mpya kuliko yote. Kumbuka pia kwamba huko kusini mwa dunia wanavuna mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo chupa yenye mwaka huu si ajabu kuiona dukani kabla ya Krismasi. Hiyo ndiyo ya kuchukua.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niipende chupa hii, nami siwezi kuitenganisha na ladha.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa, ekari moja na nusu, chini ya migomba. Nilikuwa namsindikiza kupeleka kahawa iliyokwisha kukaushwa chama cha msingi, naye alikuwa akisimama karibu na mizani mpaka sindano itulie ndipo anapumua. Kisha tunaanza kusubiri malipo ya pili, yale ambayo chama hutoa kahawa ikishauzwa. Ada ya shule, mabati, dawa ya mama, vyote vilikuwa vinasubiri malipo ya pili. KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika, kilianzishwa mwaka 1933, na kwetu jina hilo lilitamkwa kwa matumaini na kwa hasira kwa kadiri ya msimu. Ushirika wa kahawa naujua mazuri yake na mabaya yake.

Kwa hiyo nilipoona kwenye lebo ya mvinyo kwamba umetengenezwa na ushirika wa wakulima wadogo, nilitafuta habari zake. La Riojana uko Chilecito, mkoa wa La Rioja, bonde kavu lililo kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na pembeni yake kuna safu ya milima ya Famatina yenye kilele kinachozidi mita 6,000. Mirefu kuliko Kilimanjaro. Mvua ni haba mno, mizabibu inaishi kwa kumwagiliwa. Mchana jua kali, usiku baridi, na ubaridi huo wa usiku ndio unaoiachia zabibu ukali wake na kuilinda harufu isichomwe. Usichanganye na Rioja ya Hispania, eneo jingine la mvinyo. Wahispania waliwahi kwenda mahakamani wakitaka Waargentina wasitumie jina hilo kwenye lebo, wakashindwa.

Ushirika huo ulianzishwa mwaka 1940, na ulipata cheti cha Fairtrade mwaka 2006. Maana yake ni kwamba, juu ya bei ya zabibu, kuna fedha ya ziada inayokwenda kwa wakulima kwa pamoja, nao ndio wanaoamua itumike wapi. Katika kijiji cha Tilimuqui fedha hiyo ilisaidia kuleta maji safi majumbani, na baadaye shule ya sekondari inayofundisha kilimo. Mtu aliyewahi kuchota maji kwa ndoo kabla ya kwenda shule hahitaji kuelezwa maana ya bomba.

Halafu kuna hili la mji ninaoishi. Hapa Rochdale, barabara ya Toad Lane, ndipo wafumaji na mafundi wa kawaida walipofungua duka lao la ushirika tarehe 21 Desemba 1844, wakauza siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa. Jengo lipo mpaka leo, ni makumbusho, nimewapeleka watoto. Kanuni walizozitunga ndizo zilizosambaa duniani mpaka zikafika kwa baba yangu pale kwenye mizani, na zikafika Chilecito kwa mtu ambaye zabibu zake nazinywa. Siku za Ijumaa nikiiweka chupa juu ya meza, hilo huwa nalifikiria kabisa, na silionei haya.

Mambo machache ya matumizi, nikimaliza. Kifuniko chake ni cha kuzungusha, hakuna haja ya kizibuo. Ukibakiza, funga, rudisha friji. Siku ya pili bado ni mzuri, siku ya tatu maua yameondoka na mke wangu anautumia kupikia kome. Glasi isiwe ile bapa ya shampeni, iwe yenye tumbo na mdomo mwembamba kidogo. Na kama una wageni, hesabu chupa moja kwa watu watatu endapo kuna samaki wa nazi, chupa moja kwa wanne endapo hakuna.

Jana nilipita dukani, zimebaki sita kwenye rafu, za mavuno ya mwaka huu. Nimechukua mbili. Mke wangu ameshatoa kamba kwenye friza.